Fyuzi ya Thelathini

Kengele ya saa tisa na nusu ilipolia, Nyenje hakushika njia ya nyumbani. Alivua viatu vya shule, akavifunga kamba na kuvitundika shingoni visije vikaliwa na mawe, akapanda njia ya mlimani hadi kwenye chumba cha matofali kilichosimama chini ya mnara wa chuma. Ndivyo alivyofanya kila siku ya masomo tangu aingie darasa la sita. Jina lake halisi lilijulikana na walimu tu. Wengine wote walimwita Nyenje, kwa sababu hakuweza kufanya kazi yoyote bila kuimba puani.

Ndani ya chumba kulikuwa na joto, harufu ya vumbi, na shangazi.

Shangazi alikuwa fundi wa redio, mwanamke mrefu, mkavu, mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi upande wa sikio moja. Ulimi wake uliwakata watu wazima, wakaondoka wameshika vichwa. Nyenje alilelewa naye tangu akiwa wa kubebwa mgongoni, kwa hiyo alikuwa amezoea.

"Umechelewa," shangazi alisema bila kugeuka.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba. Umechelewa dakika nne. Haya, soma mita."

Nyenje alisoma mita, akaandika katika daftari la kituo: saa, volti kumi na tatu nukta nane, hali shwari. Hiyo ndiyo ilikuwa kazi yake ya kila siku, na aliipenda kuliko kazi zote alizowahi kupewa.

Mtambo wenyewe ulikaa kwenye rafu ya chuma, mkubwa kama sanduku la safari. Mafundi waliuita ripita. Redio za upepo za zahanati na za gari la wagonjwa hazikuweza kusikilizana zenyewe, maana vilima vilisimama katikati yao. Mtambo huu ulisikia sauti kutoka upande mmoja, ukairusha upya kwa nguvu hadi upande wa pili. Ukinyamaza, bonde zima linakuwa kiziwi, na simu za mkononi hazikushika huko hata kidogo.

Chini ya mtambo kulikuwa na kisanduku cha kuulisha umeme, na ndani yake, baina ya nyaya, kipande cheusi chenye miguu mitatu.

"Huyu ni mlinzi," shangazi alimfundisha siku ya kwanza. "Umeme ukizidi kipimo, yeye anajilaza katikati ya njia. Umeme wote unapitia kwake badala ya kwenda kwenye mtambo, fyuzi inaungua, njia inakatika. Mtambo unabaki mzima. Umeelewa?"

"Kwa hiyo fyuzi ikiungua ni vizuri?"

"Si vizuri. Ni salama. Maana yake kuna ubaya mahali fulani na mlinzi ameuona kabla yako." Kisha akainua kidole. "Sasa sikiliza sheria. Fyuzi hapa ni ya ampea kumi. Ikiungua, weka ya kumi. Ikiungua tena siku hiyohiyo, zima swichi kuu, andika, uje uniite. Usiniletee ujanja."

Lakini wiki hiyo aliyochelewa dakika nne haikuwa nzuri. Fyuzi ilikuwa imeungua mara mbili ndani ya siku sita. Kila mara shangazi alifungua kisanduku, akapima huku na huku, asione kosa. Kila kitu kilimjibu sawasawa, kama mtoto mtundu aliyesimama mbele ya mwalimu mkuu. Msimamizi wa vituo alipanda mlima kwa gari lake jeupe, akasimama mlangoni ili asichafue viatu, akasema:

"Bibi Fundi, mtambo ukizimika tena mara moja tu, utanikabidhi funguo. Na chumba unachokaa ni cha kazi. Sihitaji kueleza zaidi."

Hakuhitaji kweli. Usiku ule Nyenje alitazama kuta za chumba chao, kitanda chao na dirisha lao, akaona kama vyote vimeshaanza kuhamishwa.

Jumanne iliyofuata, shangazi aliitwa ofisini kujieleza. Nyenje alifika kituoni, akajifungulia, akasoma mita. Alikuwa bado hajaandika pale umeme wa mtaani ulipokatika. Jenereta lililokuwa kwenye kibanda upande wa pili wa ukuta likawaka lenyewe, likaanza kunguruma. Meza ikatetemeka, kalamu ikabingirika hadi chini. Kabla hajainama kuiokota, taa ya kijani ya mtambo ikazimika.

Fyuzi.

Alizima kisanduku, akafungua kifuniko, akatoa fyuzi iliyoungua, akaweka ya kumi. Mtambo ukawaka. Akashusha pumzi. Dakika tano hazikupita, ukazimika tena.

Mlango ukapigwa teke. Aliyeingia alikuwa dereva wa gari la wagonjwa, ambaye watoto walimwita Ving'ora kwa kuwa alipiga kelele hata akiwa hayumo garini.

"Naita, naita, najibiwa na upepo!" alifoka. "Yuko wapi huyo shangazi yako?"

"Ameitwa ofisini."

"Ofisini! Watu wanaumwa, yeye anakunywa chai ofisini! Mwambie aweke fyuzi kubwa, yaishe. Mimi si fundi na najua. Hiki kituo hakina fundi, kina mapambo!"

"Shangazi si mapambo," Nyenje alisema, lakini sauti ilitoka ndogo.

"Nasimama hapa mpaka iwake. Isipowaka, nakwenda kwa msimamizi sasa hivi, nimkute hukohuko naye."

Nyenje alijua sheria. Ilikuwa inamlia kichwani kwa sauti ya shangazi mwenyewe: zima, andika, niite. Lakini aliona pia msimamizi akinyoosha mkono apewe funguo. Kwenye droo kulikuwa na kopo la fyuzi za jenereta, nene kidogo, zenye namba thelathini kwenye kofia zake. Alimgeuzia Ving'ora mgongo, akachukua moja, akaisukuma mahali pake. Ilikaa vizuri kana kwamba ilizaliwa hapo. Dakika ileile umeme wa mtaani ukarudi, jenereta likanyamaza, na taa ya kijani ikawaka.

"Unaona?" alisema Ving'ora. "Mtoto amewashinda wote." Akaondoka.

Nyenje aliokota kalamu. Aliandika: volti kumi na tatu nukta nane, hali shwari. Zile fyuzi mbili zilizoungua alizitia mfukoni, na njiani akazitupa kichakani.

Shangazi alirudi jioni, kakunja uso. "Wamenipa wiki moja. Huko juu vipi?"

"Shwari," Nyenje akasema.

Siku mbili mtambo haukuzimika. Shangazi alianza hata kutania jikoni. Nyenje peke yake ndiye aliyeacha kuimba.

Ijumaa alipopanda mlima alikuta gari jeupe na gari la wagonjwa yameegeshwa ubavu kwa ubavu. Harufu ilimpokea kabla ya watu, harufu kali ya plastiki iliyoungua. Ndani, ukuta wa nyuma ya rafu ulikuwa umepakwa masizi. Shangazi alisimama katikati ya chumba, mikono meusi. Msimamizi alikuwa ameingia safari hii, viatu na vyote.

"Saa tatu asubuhi nilikuwa nimeshuka kuchukua mafuta ya jenereta," shangazi alikuwa akieleza. "Nimerudi saa tano, nimekuta moshi. Nimezima."

"Saa mbili nzima!" Ving'ora alipiga kelele, na safari hii haikuwa mazoea, macho yalikuwa yamemwiva. "Saa mbili nzima redio imekufa na mimi sijui! Mimi nimekaa hospitalini na redio yangu mkononi, nasubiri kuitwa. Bondeni kuna mama anajifungua, mtoto amekaa vibaya, mkunga anaita mpaka sauti inamkauka. Kaka zake wamemleta hospitalini kwa mkokoteni. Kwa mkokoteni, Fundi! Katika mawe yale!"

"Yu hai?" shangazi aliuliza taratibu.

"Yu hai, yeye na mtoto. Si kwa msaada wako."

Msimamizi alikuwa ameinama kwenye kisanduku. Alifungua kifuniko kidogo, akatoa fyuzi, akaigeuzia mwanga. Haikuwa imeungua. Akasoma namba, akacheka bila furaha.

"Thelathini. Mahali pa kumi. Mlinzi amejilaza njiani tangu asubuhi, na hii fyuzi imekaa tu inamtazama akiungua. Bibi Fundi, hata mwanafunzi wa mwaka wa kwanza hafanyi hivi. Ama hujui kazi, ama umetaka kutuficha. Lipi?"

Shangazi aliitazama ile fyuzi. Kisha, polepole, akamtazama Nyenje aliyekuwa mlangoni. Macho yao yalikutana kitambo kidogo tu, na Nyenje akajua kwamba shangazi ameshajua. Walioshika kisanduku kile walikuwa wawili peke yao duniani.

"Mwenye funguo ni mimi," shangazi alisema. "Linaloharibika humu ni langu."

"Basi nipe."

Shangazi akaingiza mkono mfukoni.

Nyenje alitamani ardhi ipasuke immeze. Kimya kilikuwa rahisi sana. Angesimama hivyohivyo, asiseme neno, na hakuna ambaye angemgusa hata kwa ukucha. Funguo zikalia mkononi mwa shangazi.

"Ni mimi!" Sauti ilimtoka kubwa kuliko alivyokusudia. "Ni mimi niliyeweka. Jumanne. Shangazi alikuwa ofisini kwako. Ziliungua mbili, moja baada ya nyingine, nikaweka ya jenereta. Kisha nikaandika shwari. Na yeye nikamwambia shwari."

Ving'ora alimgeukia kwa hatua moja. "Wewe? Unajua ulichofanya? Ungezima ukasema, ningejua redio mbovu. Ningekwenda kulala na gari langu palepale zahanati ya bondeni! Ndivyo tunavyofanya redio ikiharibika. Lakini wewe umeniambia nzima. Nimekaa kwenye kiti kama mjinga, nasubiri redio iliyokufa!"

Nyenje hakujitetea. Angeweza kumkumbusha nani alidai fyuzi kubwa, na neno lilimfika hadi kwenye meno. Lakini mkono uliochukua fyuzi ulikuwa wake, na ulioandika shwari ulikuwa wake pia. Alilia kimya, machozi yakimdondokea kwenye viatu alivyovitundika shingoni.

"Mwache," shangazi alisema kwa ukali. "Mimi nitamalizana naye, wala sitamwonea haya. Sasa hivi namtaka kwa jambo jingine. Nyenje, pangusa kamasi. Ziliungua mbili Jumanne?"

"Ndiyo."

"Saa ngapi? Kulikuwa na nini? Nieleze kila kitu, hata cha kipumbavu."

"Umeme wa mtaani ulikatika. Jenereta likawaka. Meza ilitetemeka, kalamu ikaanguka. Ndipo fyuzi ikaungua. Nikaweka nyingine, ikaungua tena, jenereta bado linanguruma. Likazimika ndipo mtambo ukatulia."

Shangazi alilivuta daftari, akapekua kwa kidole cheusi. "Ya kwanza, jenereta limewaka. Ya pili, umeme ulipokatika. Nilidhani bahati tu, mara mbili si kitu. Na leo saa tatu umeme ulikatika." Alilifunga daftari kwa kishindo. "Mara nne. Mwanangu, ungeniandikia hili Jumanne ningelijua Jumanne."

"Hadithi nzuri," alisema msimamizi. "Lakini muda wako umekwisha, Bibi Fundi."

"Nipe saa moja. Ukiona sijapata, funguo hizi hapa mezani, chukua mwenyewe."

Msimamizi alitazama saa yake, akavuta kiti, akapangusa vumbi kwa leso, akaketi. Ving'ora alibaki mlangoni, amekunja mikono kifuani.

Shangazi alifanya kazi bila haraka. Kwanza aliuondoa mtambo kabisa, akaufunika kwa kitambaa. "Hauingii mchezoni mpaka tujue adui ni nani," alisema. Akakata nyaya zilizoyeyuka, akaweka mpya. Akamtoa mlinzi aliyeungua na kumweka mwingine kutoka kwenye akiba yake. Fyuzi ya kumi. Mahali pa mtambo akafunga balbu kubwa ya taa ya gari, na kando yake mita. Kisha akawasha.

Balbu ikatoa mwanga mweupe uliotulia. Mita ikasema kumi na tatu nukta nane.

"Nzima," Ving'ora akanung'unika. "Ndivyo inavyofanya siku zote. Inatucheka."

"Kawashe jenereta, basi, badala ya kunung'unika," shangazi alimwambia. "Wewe si fundi na unajua."

Ving'ora alitoka kwa kishindo. Jenereta likakohoa, likashika. Rafu ikaanza kutetemeka. Nyenje, aliyepewa kazi ya kusoma mita kwa sauti, alianza: "Kumi na tatu nukta nane. Kumi na tatu nukta nane. Kumi na tatu nukta... shangazi, kumi na sita!"

Balbu iling'aa ghafla, nyeupe ya kuumiza macho, kisha ikazimika. Fyuzi ya kumi ilikuwa imefanya kazi yake.

Msimamizi aliinuka kitini.

Shangazi alitabasamu kwa mara ya kwanza siku ile. Alizima, akaweka fyuzi nyingine, akawasha, akachukua kijiti kikavu cha mti na kuanza kugusa nyaya moja baada ya nyingine, taratibu, kama anayemwamsha mtoto mchanga. Waya mnene mwekundu, hakuna kitu. Mweusi, hakuna. Alipougusa waya mwembamba wa manjano, mwembamba kama uzi wa kushonea, balbu ilipepesa.

"Ndiye huyu," alisema, akazima upesi. Skrubu iliyoushika ule waya ilikuwa imelegea nusu mzunguko. "Nyenje, unajua kazi ya waya huu?"

"Hapana."

"Unatoka kwenye mtambo kurudi kwenye kisanduku. Unapeleka habari: umeme umefika kiasi hiki. Jenereta likitetemesha rafu, skrubu inaachia, habari haifiki. Kisanduku kinadhani mtambo una njaa, kinazidi kusukuma. Hakina ubaya wowote. Hakijaambiwa ukweli, basi." Akakaza skrubu, akaweka washa, kipete cha chuma cha kuzuia isilegee tena, akakata vipande vya mpira wa tairi na kuvitandika chini ya miguu ya rafu.

Jenereta lilinguruma nusu saa nzima. Nyenje alisoma mita mpaka koo likamkauka, na kila mara ilikuwa kumi na tatu nukta nane. Mtambo uliporudishwa, taa ya kijani ikawaka, na sauti ya mkunga wa bondeni ikaingia chumbani, imechoka na yenye hasira: "Kuna mtu hapo? Kuna mtu yeyote hapo?"

Ving'ora alinyakua redio yake. "Nipo! Nakupata!"

Msimamizi alizitazama funguo zilizokuwa mezani, asiziguse. "Ripoti niipate Jumatatu," alisema, akatoka. Hakuomba radhi, wala hakuna aliyemtarajia aombe. Ving'ora naye, kabla ya kupanda garini, alimnyooshea Nyenje kidole. "Fyuzi kubwa nilisema mimi. Hilo nimelisikia hata kama hukulisema. Lakini bado nimekukasirikia."

Waliposhuka mlima, shangazi alitangulia. Hukumu aliitoa bila kugeuka: Nyenje hatashika fyuzi mpaka mwisho wa mwaka, na kesho asubuhi watakwenda hospitalini.

"Kufanya nini, shangazi?"

"Yule mama ana haki ya kukuona uso."

Wodi ya wazazi ilikuwa na vitanda vinne, na mama alikuwa kwenye kile cha dirishani, uso umevimba kwa uchovu. Shangazi alimsalimia, kisha akamsukuma Nyenje mbele. Nyenje alieleza yote, kuanzia kalamu iliyoanguka hadi neno shwari. Mama alimsikiliza bila kutabasamu.

"Kaka zangu walikuwa wakinibeba, nikasema wa hospitali hawaji kwa sababu hawatujali sisi wa bondeni," alisema hatimaye. "Nilimchukia dereva. Nilimchukia mkunga. Kumbe ni wewe."

"Nisamehe, mama. Niliogopa shangazi atafukuzwa."

"Kuogopa kila mtu anaogopa. Lakini sikiliza, binti. Ungesema redio imekufa, ningekasirika, ningetukana, na kaka zangu wangeandaa mkokoteni tangu asubuhi. Habari mbaya unaweza kuifanyia kazi. Uliponificha, ulininyima hata nafasi ya kujihangaikia. Siku nyingine kitu kikiharibika mkononi mwako, sema upesi, hata kama unatetemeka. Kusema ulichokosea ni kazi ngumu, lakini kazi hiyo ni yako, si ya mwingine."

"Ndiyo, mama."

Mtoto alianza kulia ndani ya kanga. Mama alijaribu kugeuka, akauma meno kwa maumivu, akaacha. Alimtazama Nyenje kwa muda, bado amekunja uso.

"Usisimame hivyo kama mlingoti," akasema. "Mikono yangu imechoka. Mpokee, umshike kichwa vizuri."

Nyenje alinyoosha mikono, akampokea.